Mchanga Ndani ya Viatu

Kengele ya mwisho ilipogongwa, darasa lilimwagika nje kama maharage kutoka kwenye gunia lililopasuka. Chiriku alibaki nyuma, kama kawaida yake. Alipanga madaftari kwenye mfuko uliotundikwa nyuma ya kiti chake cha magurudumu, akaufunga, akasubiri mlango utulie. Kupita pale wakati wenzake wanasukumana kulikuwa ni kutafuta lawama: mara amekanyaga mtu, mara amezuia njia.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina la Chiriku alipewa na mama yake tangu utotoni, kwa sababu alikuwa haachi kusema tangu anapoamka mpaka anaposinzia na kijiko mkononi. Jina lilikuwa bado lipo. Maneno ndiyo yaliyokuwa yamepungua.

Uwanja wa michezo ulikuwa ng'ambo ya barabara, ukitazamana na shule. Ulikuwa mpya. Manispaa ilikuwa imeujenga kwa fedha za wananchi, na bango la langoni lilisema kwa herufi kubwa za buluu: UWANJA WA WATOTO WOTE. Ndani kulikuwa na mitelezo, bembea za kawaida, na bembea moja ya pekee, iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto anayetumia kiti cha magurudumu. Ilikuwa na jukwaa pana la chuma, kingo za kuzuia kiti kisiteleze, na mnyororo wa kukifungia. Ilikuwa bembea nzuri kweli. Chiriku aliijua kila skrubu yake, maana aliitazama kila siku.

Aliitazama akiwa langoni. Hapo ndipo saruji ilipoishia. Palikuwa na ukingo wa zege, na baada ya ukingo ulianza mchanga: mkavu, laini, wa kuzamisha mguu mpaka kwenye kifundo, umetandazwa kutoka ukuta mpaka ukuta.

“Chiriku, nishikie!”

Huyo alikuwa Tarumbeta, msichana wa darasa lake ambaye hata akinong'ona husikika hadi ofisini kwa walimu. Alivua viatu vyake, akamwekea Chiriku mapajani, akaruka ukingo. Nyuma yake walikuja wengine. Kucheza mchangani na viatu ni kuviua, kila mzazi alikuwa amesema hivyo, na Chiriku alikuwa pale, hana pa kwenda.

“Duka limefunguliwa!” alipiga kelele Mlingoti, mvulana mrefu kuliko wote shuleni. “Mama Muuza, leo viatu unauzaje?”

“Vyako siuzi,” Chiriku alijibu. “Vinanuka. Vinafukuza wateja.”

Walicheka sana, Mlingoti mwenyewe akiwa wa kwanza. Kisha wakakimbilia mchangani, na kicheko kikaenda nao.

Chiriku akabaki na viatu. Alikuwa amewajua watu kwa viatu vyao: nani hukanyaga visigino, nani hufunga kwa uzi wa kiroba badala ya kamba, nani amerithi vya kaka yake na kujaza karatasi mbele. Alivipanga jozi kwa jozi ukutani. Vikimaliza kupangika, alivipanga upya. Ng'ambo ya mchanga, watoto wawili walikuwa wamejilaza kwenye ile bembea yenye jukwaa, wakijifanya wako kitandani.

Jua lilipopoa, walikuja mmoja mmoja kuchukua vyao. “Asante, Chiriku.” “Asante.” Tarumbeta alikuwa na haraka, akasema asante akiwa ameshageuka.

Alipobaki peke yake, Chiriku alifanya jambo ambalo alilifanya kila siku. Aliangalia kulia na kushoto. Aliinama juu ya ukingo, akachota mchanga kwa kiganja, akaumimina ndani ya viatu vyake mwenyewe. Mwingine aliunyunyiza kwenye pindo la sketi. Kisha akageuza kiti, akaenda nyumbani.

*

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye meza ya kukatia, pasi, rafu ya nyuzi, na marundo ya sare za shule ambazo zilitakiwa juzi. Utepe wa kupimia aliuvaa shingoni kuanzia asubuhi, na mara nyingine alikwenda nao mpaka sokoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Simama hapo hapo. Vua viatu kabla hujaingia, sitaki mchanga kwenye vitambaa vya watu.”

Alikung'uta viatu mlangoni. Mchanga ulimwagika sakafuni. Mama akatazama, na uso wake, ambao mchana kutwa ulikuwa umekunjwa kwa sababu ya vifungo na zipu, ukafunguka.

“Leo umebembea?”

“Nimebembea.”

“Juu?”

“Juu sana.”

“Na nani?”

“Na Tarumbeta. Alikuwa ananisukuma.”

“Huyo ana adabu, ingawa mdomo wake unahitaji kifungo.” Mama akachukua ufagio, akafagia mchanga huku akiimba kwa sauti ya chini. Mtu mwingine angenung'unika kwa uchafu ule. Yeye aliufagia kama mtu anayekusanya mavuno.

Chiriku aliangalia pembeni. Ukutani, juu ya rafu ya nyuzi, ilikuwa picha ya siku uwanja ulipofunguliwa. Yeye alikuwa juu ya bembea, ameshika minyororo, anacheka. Picha haikuonyesha wanaume wawili waliombeba na kiti chake kutoka langoni na kumtua pale. Wala haikuonyesha kwamba baada ya utepe kukatwa na soda kunywewa, wanaume hao walikwenda zao.

Angeanzaje kusema? Mama ndiye aliyeupigania uwanja ule. Manispaa ilipowaita wananchi kujadili bajeti, alifunga duka akaenda. Alisimama katikati ya watu wazima wenye makabrasha, akasema, “Kodi nalipa kama wengine. Watoto wenu wana pa kuchezea, wangu hana. Mkiniambia nirudi mwakani, nitarudi, na kiti cha kukalia nitakuja nacho.” Waliahirisha, akarudi. Wakaahirisha tena, akarudi tena. Mwishowe fedha zikatengwa.

Na katika mkutano wa mwisho, mkandarasi alipouliza chini kutandazwe nini, ni mama aliyenyoosha mkono. “Mchanga,” alisema. “Mwingi. Mtoto akianguka aangukie mchanga, asiangukie zege.” Alikuwa anakumbuka siku ambayo Chiriku alipinduka na kiti kwenye sakafu ya saruji na kupasuka juu ya jicho. Kovu lilikuwepo bado, kwenye nyusi. Ukumbi mzima ulimpigia makofi.

Kwa hiyo kitu kilichomfungia Chiriku nje hakikuwa uzembe wa mtu mbaya. Kilikuwa upendo wa mama yake, umemwagwa kutoka ukuta mpaka ukuta.

*

Katikati ya wiki, diwani alikuja dukani kupunguziwa suruali. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayependa kusalimiana na kila mtu hata kama ana haraka.

“Mama Chiriku, habari njema,” alisema, akiwa amesimama juu ya kigoda huku mama akimbandika pini miguuni. “Jumamosi mhandisi wa manispaa anakuja uwanjani. Anataka kuwasikia wanaoutumia. Kuna fedha kidogo zimebaki. Mkisema uwanja uko sawa, tunajenga lango kubwa la tao, lenye taa. Mtu akipita barabarani ajue hapa pana maendeleo.”

“Na likiwa na jina lako juu,” mama alisema, pini mdomoni.

“Jina langu ni dogo, halitachukua nafasi.”

“Na mkishajenga hilo lango?”

“Basi, kazi imekwisha. Mhandisi anatia saini, faili linafungwa. Uwanja hautaguswa tena mpaka bajeti nyingine, na bajeti nyingine Mungu ndiye anayeijua.”

Mama aliinua kichwa. “Chiriku ndiye atakayezungumza.”

Chiriku, aliyekuwa anatoa nyuzi kwenye kola za sare, aliacha mkasi.

“Mama, si waulize mtu mwingine tu?”

“Bembea ile waliijenga kwa ajili ya nani? Mlingoti?” Mama akamgeukia diwani. “Tulia wewe, nitakuchoma.”

Tangu saa ile, Chiriku alihisi kama amemeza kifungo. Akisema uwanja ni mzuri, mama atafurahi, lango litajengwa, faili litafungwa, na yeye atapanga viatu mpaka atakapomaliza shule. Akisema kweli, mama ataaibika mbele ya watu walewale waliompigia makofi. Tena atajua kwamba kila jioni alikuwa anafagia uongo.

Usiku alipata wazo. Ijumaa, watu wakishaondoka, ataingia mwenyewe. Akiifikia bembea hata mara moja, akabembea hata kidogo, Jumamosi akisema “nimebembea” itakuwa kweli.

Ijumaa alirudisha viatu vyote, akasubiri. Lango la shule lilifungwa. Barabarani muuza duka alishusha mlango wa bati. Chiriku akageuza kiti, akaupanda ukingo kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia, akashukia mchangani.

Mwanzoni kiti kilisogea. Alisukuma, kikasogea tena, kikizama kidogo kila mara, mpaka kikawa hakisogei. Alijitikisa mbele na nyuma. Aliegemea upande mmoja ili gurudumu la pili linyanyuke, na kiti kikaenda chote upande ule, taratibu, kama mtu anayelala.

Mchanga ulimpokea vizuri. Haukumuumiza hata kidogo. Mama alikuwa amesema kweli.

Alilala pale, shavu mchangani, akiitazama bembea. Kwa jinsi alivyolala, jukwaa lake lilionekana kubwa kama ukumbi. Upepo uliisukuma ikalia nyii, ikanyamaza. Akaita, “Jamani!” Lakini aliita kwa sauti ndogo, maana aliogopa kusikiwa kama alivyoogopa kutosikiwa. Mtu akija, atampeleka kwa mama. Hakuna aliyekuja. Ulimwengu wote ulikuwa umekwenda nyumbani na viatu vyake miguuni.

Alijivuta kwa viwiko, kidogo kidogo, akikiburura kiti kwa mkono mmoja, mpaka akaufikia ukingo. Kukipanda tena kiti kulimchukua muda mrefu kuliko vyote.

“He!” mama alisema alipomwona. “Leo umecheza mpaka umejisahau!” Alimpangusa nywele, akacheka. Magurudumu yalikuwa yakilia krr, krr. Mama akachukua kichupa cha mafuta ya cherehani, akapiga goti, akayatia mafuta. “Mchanga umeingia mpaka kwenye beringi. Sasa huu ndio mchezo.”

Wakati wa kuoga, Chiriku alilia.

“Sabuni?” mama aliuliza kutoka mlangoni.

“Sabuni,” alijibu.

*

Jumamosi viti vya plastiki vilipangwa langoni, kwenye saruji. Wazazi walikuja, na watoto wakakaa ukutani. Mhandisi alikuwa mwanamke kijana aliyevaa buti, mwenye michoro iliyoviringishwa kwapani. Diwani alivaa suruali iliyopunguzwa. Mama alivaa gauni lake zuri, na utepe wa kupimia alikuwa ameusahau shingoni.

Diwani alizungumza kwa muda. Alisema uwanja ni wa mfano. Alisema lango la tao litakuwa la mfano zaidi. Kisha akamwonyesha Chiriku kwa mikono miwili. “Na shahidi wetu ni huyu! Vijana, hebu mbebeni mtoto wetu mpaka kwenye bembea yake, tupige picha kama ile ya siku ya kwanza.”

Wanaume wawili walikuja. Walimnyanyua na kiti chake, wakauvuka ukingo. Kutoka juu Chiriku aliona viatu vya watoto vimetupwa ovyo kando ya ukuta, kwa kuwa leo hakuwepo wa kuvipanga. Aliiona bembea inakuja karibu. Ilikuwa rahisi sana. Ilikuwa ni kunyamaza tu na kucheka kwenye picha.

“Niwekeni chini,” alisema.

“Tulia mwanangu, tunakufikisha.”

“Niwekeni chini, tafadhali. Jumatatu nyinyi hamtakuwepo.”

Wanaume walitazamana. Mhandisi, aliyekuwa anafungua michoro, aliinua uso. “Mwekeni,” alisema.

Walimtua mchangani. Chiriku alishika magurudumu, akasukuma. Kiti kilisogea kidogo, kikazama. Akasukuma tena. Gurudumu lilizunguka mahali pamoja likirusha mchanga nyuma, halafu likagoma. Ilisikika sauti ya beringi tu, krr, krr.

“Mwisho wangu ni hapa,” alisema. “Jana nilifika pale penye shimo, nikaanguka. Sijawahi kubembea tangu siku ya utepe. Huwa nakaa pale langoni, nawashikia wenzangu viatu.” Kisha akamtafuta mama kwa macho, kwa sababu yaliyobaki hayakuwa ya mhandisi. “Mama, ule mchanga wa kwenye viatu nilikuwa nautia mwenyewe.”

Mama alivuka ukingo na viatu vyake vizuri, akaenda mpaka penye kiti, akainama, akachota mchanga. Aliutazama ukipita katikati ya vidole kama anayekagua kitambaa alichouziwa kwa bei kubwa.

Diwani alikohoa. “Lakini mama Chiriku, mchanga si uliuomba wewe? Ukumbi mzima ulikupigia makofi.”

“Makofi hayasukumi magurudumu,” mama alisema. Sauti yake ilikwaruza mwanzoni, kisha ikanyooka. “Ndiyo, mchanga niliuomba mimi, na nimekosea mimi. Lakini mimi ni fundi. Nguo ikimbana mteja, simwambii apunguze mwili. Naifumua. Sasa tufumue.”

“Fedha zilizobaki...”

“Mhandisi, zinatosha nini?”

Mhandisi alitazama mchoro wake, akatazama umbali kutoka langoni hadi kwenye bembea. “Nikiukata huu ukingo, na nikijenga njia ngumu kutoka hapa mpaka kwenye ile bembea, pamoja na tawi la kwenda kwenye mitelezo, zinatosha. Mchanga utabaki pembeni mwa njia tu. Ila lango la tao halitapatikana. Ni kimoja au kingine.” Akakunja mchoro. “Na nikiri, hata mimi nilipouona mchoro sikuuliza atapita wapi.”

“Lango la nini, wakati kuingia tunaingia?” alisema mzazi mmoja kutoka nyuma. Wengine wakaitikia.

Diwani aliwatazama watu wake, akatazama mahali ambapo taa zingeng'aa, akapumua. “Basi. Jina langu mtaliandika mioyoni mwenu.”

“Tutaona kwanza kama njia imenyooka,” mama alisema, na hata diwani akacheka.

Kisha mama akavua utepe shingoni. Alipima upana wa kiti, gurudumu mpaka gurudumu, akataja kwa sauti ili mhandisi aandike.

“Ongezeni na nafasi ya mikono,” Chiriku alisema. “Nikisukuma, viwiko vinatoka nje. Na pale kwenye bembea pawe pa kugeuzia.”

Mama alimtazama. Alipima tena, safari hii na viwiko.

*

Walirudi nyumbani pamoja. Mama alitembea kando ya kiti, hakukisukuma. Walipokaribia dukani ndipo aliposema.

“Umenidanganya.”

“Ndiyo, mama.”

“Kila siku.”

“Nisamehe. Nilikuwa sitaki uumie.”

“Nimeumia leo mbele za watu, na miguu yangu inatembea. Ona.” Alitembea hatua chache, kisha akasimama. “Aibu si kitu, itachakaa. Kinachoniuma ni kwamba wewe ulikuwa pale peke yako na viatu vya watu, na mimi huku nafagia mchanga naimba.”

Aligeuka haraka kufungua kufuli, akahangaika nalo kuliko kawaida.

Njia haikujengwa kwa siku moja. Uwanja ulizungushiwa mabati, na kwa muda mrefu hakuna mtoto aliyeingia. “Sema ukweli mwingine, watufungie na shule,” Mlingoti alimwambia Chiriku, na safari hii hakuwa anatania. Mchana, Chiriku alikaa kwenye baraza ya shule akisikiliza mafundi wakigonga zege. Sasa hakuwa hata na viatu vya kupanga. Zilikuwa siku ndefu, na mara kadhaa alijiuliza kama uongo haukuwa na raha zake.

Siku moja Tarumbeta alikuja akakaa karibu naye. Alikaa bila kusema neno, jambo lililowashangaza wote wawili.

“Nilidhani unapenda kukaa langoni,” alisema mwishowe. “Ulikuwa unatuchekesha.”

“Hukuniuliza.”

“Ni kweli.” Tarumbeta alivuta kamba ya kiatu. “Sikukuuliza. Nisamehe.”

Mabati yalitolewa asubuhi moja, bila utepe wala soda. Kengele ya mwisho ilipogongwa, darasa lilimwagika nje. Chiriku alifunga mfuko wake, akasubiri mlango utulie, akavuka barabara. Viatu vilikuwa vimeachwa ukutani, na hakuna aliyemwita avishike.

Pale ukingo ulipokuwa, sasa palikuwa tambarare. Gurudumu la mbele lilipita. Alisukuma, kiti kikateleza juu ya zege kwa sauti nyembamba, na alishangaa jinsi bembea ilivyo karibu. Alipanda jukwaani, akafunga mnyororo. Kwa muda alikaa tu, ameshika minyororo, peke yake katikati ya kelele za wenzake. Kisha Tarumbeta akatokea nyuma, miguu mitupu.

“Nisukume?”

“Sukuma. Lakini nikisema acha, uache.”

“Juu?”

“Juu sana,” Chiriku alisema, na safari hii lilikuwa neno la kweli.

Jioni mama alikuwa kwenye cherehani. “Simama hapo. Vua viatu.” Alisema kwa mazoea tu, kisha akavichukua mwenyewe, akavipindua, akavikung'uta. Hakikutoka kitu. Alitia vidole ndani mpaka mbele. Vilikuwa safi kabisa.

“Leo umecheza,” mama alisema.

“Nimecheza.”

Mama aliviweka viatu chini, jozi sawasawa, akavuta kigoda akakaa mbele ya binti yake.

“Sikiliza, nami nisikilize mwenyewe. Uongo wa kumfurahisha mtu bado ni uongo. Unamwachia kosa lake, nawe unabaki na shida yako, kila mmoja peke yake. Mimi nilikata kitambaa bila kumpima mwenye mwili. Hilo ni langu, na sitalirudia. Lako ni hili: kikikubana, sema kinabana. Aliyeshona anaweza kufumua, lakini hawezi kujua asipoambiwa. Umenielewa?”

“Nimeelewa, mama.”

“Haya. Sasa niambie. Ilikuwaje?”

Chiriku akaanza kusimulia. Alisimulia sauti ya magurudumu kwenye zege, na mnyororo, na jinsi unavyoliona paa la shule ukiwa juu, na Tarumbeta aliyesukuma mpaka akaanguka mchangani. Mama alirudi kwenye cherehani, akashona mstari mmoja, akasimama. Akashona mwingine, akasimama tena.

“Mtoto huyu,” alisema, akiunyoosha mshono kwa mkono, “atanichelewesha sare za watu.” Lakini hakumwambia anyamaze.